Mchina, Mrumi na Kifuniko cha Spika

Ijumaa ya kwanza ambayo Spika hakuja, wenzake wanne walikaa nyuma ya kafteria ya Al Baraha, Dubai, kwa robo tatu ya saa bila mtu kusema neno. Si kwamba walikuwa wameudhiana. Sheria ya kijiwe ndivyo ilivyokuwa. Mwenye kusema ni yule aliyeshika kifuniko cha chupa ya chai ya Spika, na kifuniko lazima kiwe na chai. Chai ikiisha, maneno yameisha. Unarudisha kifuniko, Spika anammiminia mwingine. Siku hiyo hapakuwa na Spika wala chupa, kwa hiyo hapakuwa na wa kufungua mdomo. Walikaa wakitazama magari yakizunguka kutafuta mahali pa kuegesha.

Saa kumi na moja kasorobo simu ya Francis ikalia. Alikuwa Humam, aliyelala chumba kimoja na Spika. Francis akasikiliza, akasema "sawa", akasema tena "sawa", akairudisha simu mfukoni.

"Spika amefariki alfajiri," akasema. "Moyo."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza kuwahi kusemwa pale bila kifuniko.

Jina lake hasa lilikuwa Hamuza, mtu wa Pangani, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefua mashuka ya hoteli. Walimzika Al Qusais siku iliyofuata. Humam akakusanya vitu vyake: mashati, redio, viatu vya ngozi ambavyo havijavaliwa, na ile chupa ya chai yenye maua mekundu yaliyofifia. Akampa Francis vyote kwa sababu Francis ana gari, ingawa gari lenyewe ni la madam wa Mirdif, na Francis ni dereva wake tu. Kijiweni jina la Francis lilikuwa Madam Kasema, kwa kuwa hakuwa na sentensi inayoanza kwa namna nyingine.

Ijumaa ya pili walisema wote kwa pamoja. Kamanda na Mzee Kontena waligombana kuhusu mji upi mkubwa, Mombasa au Dar es Salaam, mpaka Mzee akachukua kofia yake akaondoka. Everlyn, mtumishi wa nyumbani waliyemwita Ratiba kwa kuwa siku zake zote zimeandikwa kwenye friji ya madam wake, akasema yeye ana ofu moja kwa wiki, siku moja tu ya kupumzika, na kelele za bure anazo za kutosha kwa watoto wa madam. Alisema atakuja mara moja tena. Asipoona mabadiliko, Ijumaa zake atazilala.

Basi Ijumaa ya tatu walipokaa, Francis alijua kwamba kijiwe kiko kwenye mizani. Alijua pia kilichokuwa katikati ya miguu yake, ndani ya mfuko wa plastiki. Jumatatu Mwanatumu, mjane wa Spika, alikuwa amempigia simu kutoka Pangani kuulizia chupa. Sanduku la vitu vingine lilikuwa tayari bandarini Hamriya, ofisini kwa Mzee Kontena, na chombo cha Tanga kilikuwa kinapakia. Chupa ndiyo iliyobaki. Francis alikuwa amemjibu Mwanatumu "inshallah". Yeye ni Mkristo wa Vihiga, lakini Dubai ilikuwa imemfundisha kwamba neno hilo linaweza kubeba mzigo wowote, hata uongo.

Asubuhi ile alikuwa amechemsha chai ya tangawizi jikoni kwa madam, akaijaza chupa, bila kujiambia kwa nini.

"Mimi natoka saa kumi na moja na nusu," Mzee Kontena alisema kabla hajakaa vizuri. "Stoo inafungwa saa kumi na mbili. Kila kinachokwenda Pangani nakitaka mkononi mwangu kabla ya hapo." Alimtazama Francis, akautazama mfuko, kisha akalitazama paa la kafteria.

Jina la Mzee hasa ni Abdullatif, Mzanzibari aliyeishi Dubai tangu barabara zilipokuwa mchanga. Jina la Kontena alilipata mwaka alioagiza kontena zima la miavuli kutoka Guangzhou, likafika salama salimini katika mji ambao mvua ni habari ya gazetini.

Kamanda, yaani Duncan, mlinzi wa mlango wa hoteli, alifungua gazeti alilokuwa amelikunja chini ya kwapa.

"Mgeni wa chumba mia sita na kumi na nne amehama, akaacha gazeti," akasema. "Kuna mambo ya ufalme."

"Ufalme upi?" Mzee akauliza.

"Wa zamani. Mrumi na Mchina. Maprofesa wamekutana, wamelala hoteli, wamekula, wakaulizana swali moja tu. Hawa wafalme wawili waliishi zama zile zile, hawajuani, na kila mmoja alikuwa na watu kama milioni hamsini na kitu. Hakuna simu, hakuna kamera. Waliwashikaje?"

"Bila kamera," Everlyn akasema. "Madam yangu ana watoto watatu na kamera nne, na bado hajawashika."

"Ndiyo maana maprofesa wamelipiwa hoteli. Swali ni gumu."

"Na jibu?"

"Jibu linaendelea ukurasa wa kumi na nane." Kamanda akageuza gazeti. "Ukurasa wa kumi na nane mgeni alifungia viatu."

Wakakaa kidogo na msiba huo.

"Basi tutajibu wenyewe," Mzee akasema. "Mchina ni hodari zaidi. Mimi nimefika."

"Ulikaa siku nne, Mzee. Ukanunua miavuli."

"Siku nne nilizokaa, nimewaona. Tena nyamaza weye, hebu soma huo ukurasa uliobaki."

"Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," Kamanda akasema, lakini akasoma. "Mchina alikuwa na makarani. Kila wilaya karani, juu ya karani karani mwingine. Wanalipwa mshahara kwa nafaka. Na mkubwa wa wilaya hapelekwi kwao. Yaani mtu wa Kisumu unampeleka Garissa, wa Garissa unampeleka Mombasa."

"Kwa nini?" Francis akauliza.

"Ili asiwe na shangazi wa kumpendelea."

Everlyn akawahesabu kwa macho. Yeye Mkisii, Kamanda Mluo, Francis wa Vihiga, mpishi wa kafteria Mmalabari aliyesimama mlangoni na kijiko.

"Hapa hakuna mwenye shangazi," akasema.

"Ndiyo maana kazi inaendelea," Kamanda akajibu. "Haya. Tena Mchina aliwaandika watu. Nyumba kwa nyumba, kichwa kwa kichwa, mpaka mtoto. Ukitaka kumtawala mtu, jua kwanza analala wapi."

"Huyo ni madam yangu," Everlyn akasema. "Vijiko vya chai ishirini na vinne. Vimeandikwa kwenye friji, chini ya saa ya kuamka na juu ya siku ya kuosha mapazia. Alhamisi vikawa ishirini na vitatu. Tuliitwa kikao."

"Kikapatikana?"

"Kilikuwa ndani ya kiatu cha mtoto. Mtoto hakuitwa kikaoni."

"Basi madam wako ni Mchina."

"Ni Mlebanoni."

"Kwa kabila. Kwa utawala ni Mchina."

Everlyn alilifikiria hilo, akaona ni haki.

"Sasa Mrumi," Francis akasema, kwa kuwa dakika zilikuwa zinakwenda na miguu yake ilikuwa imeubana ule mfuko. "Yeye hakuwa na makarani?"

"Wachache mno. Mrumi alikuwa mvivu wa kuandika. Akiteka mji, anawatafuta matajiri wa pale pale, anawaambia: endeleeni kuwa wakubwa, mradi mniletee ushuru na msinisumbue. Wakitulia, anawafanya Warumi. Anawapa uraia."

Neno hilo lilipita katikati yao polepole kama gari la kifahari.

"Anawapa hivi hivi?" Everlyn akauliza.

"Si wote, na si siku moja. Ilichukua miaka mingi."

"Mimi nina mingi," Mzee Kontena akasema. "Thalathini na minne. Endelea kusoma."

"Na kule mjini kwake, maskini anapewa ngano ya bure na michezo ya kutazama. Halafu kila mkubwa ana watu wake. Asubuhi wanakwenda mlangoni kumsalimu, naye anawagawia chochote, kapu la chakula hivi, waende kumsifu mjini."

Francis akakohoa. "Madam kasema nisiseme mambo ya nyumbani," akaanza. "Lakini mume wake, arbab mwenyewe, bwana wa nyumba, kila Ijumaa asubuhi anatoka barazani. Tunajipanga, mimi, mpishi, mtunza bustani. Tunamsalimu, tunamuulizia farasi wake. Kisha anatugawia biriani ya jana."

"Mrumi huyo," Kamanda akasema.

"Mrumi safi," Mzee akakubali.

"Madam kasema tusizoee."

"Ana mke Mchina. Nyumba hiyo itadumu."

Kamanda akashusha kidole hadi mstari mwingine. "Kuna Wachina wengine hapa, wa mwanzo kabisa, wakali. Hao walifunga nyumba tano tano. Mmoja akikosa na wengine wasiende kusema, wote wanaadhibiwa."

"Hiyo nimeisikia mahali," Everlyn akasema.

"Umeisikia kwangu. Kule kambini tunakolala wafanyakazi, mmoja alikaanga dagaa chumbani. Chumba kizima kikanyimwa ofu. Tangu siku hiyo hakuna dagaa, na hakuna urafiki."

"Na hao Wachina waliruhusiwa kusafiri?" Everlyn akauliza.

"Kwa kibali. Kituoni unaonyesha karatasi, huna karatasi hupiti."

Mzee Kontena akamgeukia Kamanda kwa upole.

"Mwanangu, paspoti yako iko wapi?"

"Kwa kafeel, mdhamini wangu."

"Na wewe, binti?"

"Kwa madam. Droo ya vitambaa vya meza. Anasema ni kwa usalama wangu."

"Endelea kusoma," Mzee akasema.

Francis alitazama saa. Saa kumi na moja na dakika tano. Hakuna aliyekuwa amepandisha sauti, na kwa kitambo alidhani labda kijiwe kinaweza kusimama chenyewe. Kama kinaweza, chupa haina kazi hapa. Ingekuwa rahisi kuitoa.

Ndipo Kamanda akafika kwenye walinzi.

"Sikilizeni," akasema, akakaa wima kama yuko zamu. "Mfalme wa Roma alikuwa na walinzi wake maalumu. Siku moja walimuua. Wakaenda kwenye ukuta wa kambi yao, wakanadi kiti cha ufalme. Mnada wa kweli. Aliyewaahidi nyingi zaidi ndiye akawa mfalme."

"Walinzi?" Everlyn akauliza.

"Walinzi. Watu wa kazi yangu."

"Na huyo aliyenunua alitawala muda gani?"

"Miezi miwili na siku kidogo. Kisha naye akauawa."

"Hakupewa risiti."

"Mimi nimesimama mlango ule miaka minne," Kamanda akasema. "Sijapewa hata kiti cha kukalia, sembuse cha kunadi."

"Unaona sasa Mrumi wako," Mzee Kontena akadakia. "Mfalme anauzwa kama mtumba. Na mwisho wa ufalme wake? Ulivunjika, vipande havikurudi. Mchina anavunjika leo, kesho anaunganishwa, kwa sababu makarani wapo na daftari lipo. Hilo ndilo jibu la ukurasa wa kumi na nane. Khalas."

"Hilo si jibu. Mrumi alikaa miaka mingapi?"

"Mchina mingapi?"

"Nimekuuliza kwanza."

"Miye nimefika."

"Ulinunua miavuli."

"Miavuli ina nini? Miavuli ina nini, Duncan?"

Mzee akimwita mtu kwa jina lake la paspoti, shari imekaribia. Sauti zikapanda zote mbili. Everlyn akajaribu kuingia, akasema "jamani", akasema tena "jamani", mwishowe akavuta mkoba wake na kuuweka mapajani, kama mtu anayekaribia kituo chake. Kamanda alikuwa akisoma kwa kelele mstari uleule. Mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Kijiwe hiki ni Roma," Mzee akasema. "Mwenyewe amekwenda, mmebaki vipande. Mimi naondoka, na sirudi kukaa na vipande. Francis, nipe hiyo chupa. Mke wa mtu anangoja."

Wote wakautazama mfuko. Tangu walipokaa waliuona, hakuna aliyeutaja.

"Isiende," Everlyn akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ikienda hiyo, ndiyo basi. Mimi nawaambia ukweli. Mimi sikuwa nakuja kwa sababu yenu. Nilikuwa nakuja kwa sababu hapa mtu akishika kifuniko, hata kama ni mimi, wanaume wanne wananyamaza. Wiki nzima hakuna mahali pengine pa hivyo."

"Tugawe," Kamanda akasema baada ya kufikiri. "Kama Warumi. Walifika mahali wakaugawa ufalme, mashariki na magharibi. Chupa iende Pangani, kifuniko kibaki Baraha."

"Chupa isiyo na kifuniko ni jagi," Mzee akasema.



Francis akainama, akaitoa chupa. Akafungua kifuniko, akamimina. Mvuke wa tangawizi ukapanda, harufu ile ile, na mikono ya Mzee Kontena, iliyokuwa inavaa kofia, ikasimama hewani. Kamanda akakunja gazeti. Everlyn akashusha mkoba. Francis akakishika kifuniko kwa mikono miwili. Mafuta ya kafteria yalisikika yakichemka ndani.

"Mwanatumu alinipigia Jumatatu," akasema. Hakuanza na madam. "Nikamdanganya, nikamwambia chupa bado tunaitafuta. Halafu akaniuliza, huko Dubai mlikuwa mnasema kwa kifuniko? Nikamwambia ndiyo, ni sheria ya mumeo. Akacheka. Akasema, 'Si sheria yake, ni yangu.'"

Akanywa fundo moja, dogo.

"Akasema, mwaka wa kwanza wa ndoa Hamuza alikuwa hampi nafasi. Mtu anaanza kusema magharibi, anasema mpaka anasinzia, na akisinzia bado anamalizia. Akamwambia: bwana, kuanzia leo mwenye kifuniko ndiye mwenye maneno, na kifuniko nashika mimi kwanza. Ikawa hivyo. Kila likizo, kabla Hamuza hajavua viatu, anamjazia mkewe kifuniko, anakaa chini kumsikiliza. Habari zote za miaka miwili, moja moja. Likizo yake ilikuwa iwe mwezi wa saba."

Mzee Kontena alifungua mdomo, akakitazama kifuniko, akaufunga.

"Mimi nikamwambia inshallah tutaipata. Akaniambia, 'Nina maneno ya miaka miwili hapa, shemeji. Sina pa kuyaweka.'"

Francis akanywa iliyobaki. Haikuwa nyingi, lakini alichukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akakifuta kifuniko kwa karatasi, ndani na nje, akakifunga juu ya chupa mpaka kikakaza.

Sasa kila mtu alikuwa huru kusema.

"Kwa hiyo," Everlyn akasema mwishowe, "Spika hakuwa mfalme."

"Alikuwa karani," Kamanda akasema. "Amepelekwa mbali na kwao, anatekeleza sheria ya mwingine."

"Kama Mchina," Mzee Kontena akasema. "Niliwaambia."

Safari hii Kamanda hakubisha. Alilikunjua gazeti, akachana ule ukurasa wa Mrumi na Mchina, akaizungushia chupa ili isikwaruzwe njiani. Mzee akaipokea, akaiweka kwapani, akavaa kofia. Alipofika kwenye kona ya duka la simu aligeuka.

"Ijumaa ijayo nitawaletea habari za Guangzhou," akasema.

"Siku zote nne?" Kamanda akauliza.

"Zote."

Chombo kilitia nanga Tanga kikiwa kimechelewa siku mbili. Mwanatumu alimpigia Francis simu kusema mzigo umefika. Hakukaa sana hewani. Alisema ana mazungumzo, na kifuniko kimejaa.

Siku hizi kijiweni wanatumia kikombe cha karatasi cha kafteria. Baada ya dakika saba hivi kinalowana chini na kuanza kuvuja, na msemaji hulazimika kukiweka hata kama yuko katikati ya neno. Mzee Kontena bado hajamaliza siku ya kwanza ya Guangzhou. Everlyn hushika kikombe kwanza. Chai ni ya tangawizi, na anayemimina ni Francis.